Chumvi Haipandi na Mvuke



Nimeombwa nizungumze hapa Mwatate juu ya kutenganisha chumvi na maji kwa kuchemsha na kwa kukausha juani. Mwanafunzi yeyote aliye hapa atanijibu kabla sijamaliza swali: chemsha, maji yatakwenda, chumvi itabaki. Jibu ni sahihi na mwalimu ampe alama zake. Lakini huku kwetu, na zaidi ukienda upande wa Voi, Maktau au Kasigau, haja ya watu ni kinyume cha ile ya kitabuni. Kitabu kinatafuta chumvi na kuyaacha maji yapotee. Mama wa nyumbani anayatafuta maji. Chumvi ya kutia kwenye chakula cha kimanga iko dukani kwa pakiti. Kinachomtoa nyumbani alfajiri na mitungi ni maji ambayo mtoto atakunywa bila kukunja uso.

Hapo ndipo penye kosa ninalotaka kulizungumzia leo. Nimesikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, kwamba maji ya kisima yakichemshwa sana hupungua chumvi. Hayapungui. Chukua lita tano za maji yenye gramu mbili za chumvi kwa kila lita. Jumla ni gramu kumi. Yachemshe mpaka zibaki lita nne. Gramu ni zile zile kumi, ila sasa zimebanana ndani ya lita nne, kwa hiyo kila lita ina gramu mbili na nusu. Umechoma kuni ukayafanya maji yawe na chumvi zaidi.

Sababu ni kwamba maji na chumvi havichemki kwa joto moja, wala havikaribiani. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Hapa Mwatate tumeinuka kidogo juu ya bahari, yanachemka kwa nyuzi kama 97, na mtu wa kilele cha Vuria, kule milimani, anayaona yakitokota kwa 93 hivi. Chumvi ya mezani haiyeyuki hata kuwa uji mpaka ifike nyuzi 801, na kuchemka kwake kunataka zaidi ya nyuzi 1,400. Jiko la mawe matatu halijui joto hilo. Kinachopanda ni maji peke yake.

Tusiishie kwenye maneno. Hapa mezani kuna sahani mbili za bati juu ya jiko la makaa. Moja nimeitilia kikombe cha maji ya kisima kirefu kutoka huko chini tambarare, nyingine kikombe cha maji ya mvua ya tangini. Tangu kabla sijaanza kusema zimekuwa zikitokota, na sasa zote mbili zimekauka. Hii ya mvua, mkiipitisha kutoka mkono hadi mkono, mtaona doa hafifu la vumbi na basi. Hii ya kisima ina pete nyeupe ukingoni na unga unaokwaruza chini ya kucha. Atakayetaka auonje. Kwanza utapata chumvi, halafu uchungu unaobaki nyuma ya ulimi. Uchungu huo si wa chumvi ya dukani, ni wa magnesi na ndugu zake.

Sasa mtazame nikidondoshea limau pale ukingoni palipo peupe zaidi. Linatoa povu. Chumvi ya kula haitoi povu kwa limau. Chokaa ndiyo itoayo. Kwa hiyo yale magamba meupe ndani ya birika lenu, ambayo wengi wanayaita chumvi na kuyahesabu kuwa ushahidi kwamba kuchemsha kumeitoa chumvi majini, kwa sehemu kubwa ni chokaa. Maji yetu hubeba chokaa iliyofungamana na hewa ya kaboni. Moto ukiifukuza ile hewa, chokaa hukosa pa kujishikilia ikatulia chini. Ndiyo maana baada ya kuchemsha sabuni hutoa povu upesi kidogo. Anayesema kuchemsha kumetoa kitu hakosei. Kimetoka chokaa, chumvi imebaki pale pale.

Reli iliijua habari hii kabla yetu. Njia ya kutoka Voi kupitia hapa Mwatate hadi Maktau ilijengwa mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na injini zake zilikuwa za mvuke. Injini ya mvuke ni birika kubwa. Ukiinywesha maji magumu, gamba la chokaa hujenga ukuta kati ya moto na maji, na makaa yanaungua bure. Mafundi wa reli kila mahali duniani walihangaika na gamba hilo, na ndilo linalokufanya wewe uongeze kuni chini ya birika bila kujua kwa nini.

Kwa nini maji ya chini huku yana chumvi na hali bahari iko mbali? Watu hudhani kuna mshipa wa bahari unaopita ardhini hadi Voi. Hakuna. Kinachofanya kazi ni jua na mwamba. Voi hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka wa kawaida, na jua la Voi lina uwezo wa kukausha zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Mvua kidogo inayofanikiwa kuzama hupenya polepole katika nyufa za miamba ya kale, ikilamba madini njiani. Maji mengine hukauka karibu na uso wa ardhi na kuacha chumvi zake udongoni, na mvua ya mwaka ujao inazisukuma chini. Fanya hivyo kwa maelfu ya miaka, halafu teremsha pampu. Kwa maneno mengine, jaribio la darasani la kukausha maji tumekuwa tukiishi juu yake.

Waliolifanya jaribio hilo kuwa kazi ya riziki tunao karibu. Nendeni Magarini, kaskazini ya Malindi: Gongoni, Marereni, Kurawa. Pale hakuna moto hata mmoja. Maji ya bahari huingizwa kwenye madimbwi mapana, yenye kina kifupi, wakati wa bamvua bahari inapojaa sana, kisha hupitishwa kutoka dimbwi hadi dimbwi huku jua na upepo vikiyapunguza. Lita moja ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi za kila namna, na katika hizo chumvi ya kula ni kama gramu 27. Kwa hiyo kilo moja inataka lita zipatazo 37 za bahari.

Uzuri wa kazi ile uko kwenye utaratibu wa madimbwi. Chumvi za baharini hazitui kwa pamoja. Kwanza hutua chokaa. Maji yakifikia kama sehemu moja ya tano ya yalivyokuwa, hutua jasi, ile ile ya kufinyangia chaki. Hadi hapo chumvi ya kula bado inaelea, haina habari. Yakifikia kama sehemu moja ya kumi, maji yameshiba, hayawezi kubeba zaidi, na hapo punje nyeupe zenye pembe nne huanza kuonekana. Madimbwi ya mwisho hugeuka rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi kali, na rangi ile husaidia kunasa joto la jua. Mfanyakazi mzoefu hangoji maji yaishe. Yale yanayobaki mwishoni, mazito na machungu, yamejaa magnesi, huyamwaga. Akiyaacha yakaukie pale, chumvi yake itakuwa chungu na itavuta unyevu wa hewa mpaka itoe machozi dukani msimu wa masika. Mwanafunzi anayekausha sahani hadi tone la mwisho amepata chumvi zote kwa mkupuo, nzuri na mbaya. Mtu wa Marereni anajua mahali pa kuanzia na mahali pa kuachia.

Nisiisifie kazi hiyo kupita kiasi. Jua ni bure lakini linadai ardhi pana, na ardhi ile ilikuwa na watu. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu viwanda vya chumvi vya Magarini, na katika malalamiko ya wakazi yalikuwamo ya kuhamishwa na ya visima vyao kuingiwa na chumvi. Watu wa huku mtaelewa malalamiko hayo bila kufafanuliwa.

Waliotumia moto nao wapo, na wana la kutufundisha zaidi. Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, wanawake wametengeneza chumvi kwa karne nyingi. Waakiolojia wamekuta marundo ya vigae vya vyungu yanayoshuhudia. Kuna chemchemi ya maji moto yenye chumvi inayolowesha ardhi. Mwanamke wa Kibiro ana shamba lake la chumvi, na mashamba hayo hurithiwa na mabinti kutoka kwa mama zao. Hachoti maji ya chemchemi akayapeleka motoni. Hutawanya udongo mkavu juu ya ardhi ile yenye unyevu. Jua linapoukausha udongo, maji ya chini hupanda kuujaza na kuacha chumvi yake humo. Hukwangua, hutawanya tena, mpaka udongo ukolee. Kisha huutia kwenye chombo chenye matundu chini, humimina maji juu, na kinachochuruzika ni maji ya rangi ya kahawia, makali kupindukia. Hayo ndiyo anayoyapika. Udongo uliochujwa hauutupi. Huuanika akautumia tena. Ardhi ile ni kame, hailimiki. Chumvi ndiyo iliyowanunulia chakula watu wa kule.

Uvinza nako, magharibi ya Tanzania karibu na mto Malagarasi, maji ya chemchemi za chumvi yalipikwa kwa vyungu tangu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, na misafara ya kwenda Ujiji ilibeba chumvi hiyo. Maji ya chemchemi zile ni makali kuliko bahari, ndiyo maana yalistahili kuni. Msikose kuliona jambo hili: Kibiro na Uvinza hawakupoteza moto kwa maji dhaifu. Ama waliyakuta tayari makali, au waliyakoleza kwanza kwa jua na udongo. Waliofanya haraka kwa mitambo hawakufaulu zaidi yao. Katwe, magharibi ya Uganda, kilijengwa kiwanda cha kisasa miaka ya 1970. Mabomba yakaliwa na maji yale makali, kiwanda kikasimama, na wachimbaji wa mikono wakaendelea na madimbwi yao kando ya ziwa.

Sasa turudi jikoni Mwatate na tufanye hesabu ya kuni, kwa kuwa hapo ndipo ndoto nyingi huishia. Kukausha kabisa mtungi mmoja wa lita 20 kunahitaji megajuli kama 50 za joto. Kilo moja ya kuni kavu ina kama 16, lakini jiko la mawe matatu huitumia vizuri sehemu ndogo tu, tuseme asilimia 15. Mengine yanawapasha joto kuku na kuwaliza wapishi. Gawanya mwenyewe: karibu kilo moja ya kuni kwa kila lita ya maji. Kwa mtungi wote ni mzigo wa kilo 21. Na ukishamaliza, kama kisima kilikuwa na gramu mbili kwa lita, umepata gramu 40 za unga mchungu, usio na iodini. Sheria ya Kenya inataka chumvi ya mezani itiwe iodini kwa ajili ya kuzuia rovu. Unga wa sufuria yako hauna. Hata bure usiule.

Lakini tuseme huutaki unga, unataka maji. Basi inabidi uukamate mvuke kabla haujatoroka, uupoze, udondoke kwenye chombo kingine. Kifaa hicho mnakifahamu. Chifu yupo, kwa hiyo nitalisema upesi: mpika chang'aa hufanya kazi hiyo hiyo, ila yeye anafukuzia kileo. Chungu, kifuniko kilichozibwa kwa udongo, chombo cha maji baridi juu, na matone. Ukiweka maji ya kisima, matone yatakuwa matamu kuliko ya mtoni. Kwa familia ya watu watano inayohitaji lita 25 kwa siku za kunywa na kupikia, kuni zitakuwa kilo 25 kila siku, zaidi ya tani tisa kwa mwaka, juu ya zile za ugali. Misitu yetu ya milimani ya Chawia, Ngangao na Mbololo ni vipande tu vilivyosalia. Njia hii ni ya mgonjwa mmoja au ya siku ya dharura. Si ya kijiji.

Jua linaweza kuchukua nafasi ya kuni. Sanduku jeusi lisilo na kina, kioo juu kilicholazwa mteremko, mfereji mdogo ukingoni: maji hugeuka mvuke, hugusa kioo, hutiririka. Mita moja ya mraba hutoa lita mbili hadi tano kwa siku yenye jua zuri. Mwaka 1872 huko Las Salinas, jangwani katika Chile ya leo, Charles Wilson alijenga vioo vya namna hiyo vya eneo la mita za mraba zaidi ya 4,000, vikatoa zaidi ya lita 20,000 kwa siku kutoka maji ya chumvi, kwa ajili ya wanyama wa migodini. Vilifanya kazi kwa miongo kadhaa. Shule yenye fundi wa madirisha inaweza kujenga mita mbili kwa ajili ya maabara na betri za gari, na wanafunzi watajifunza zaidi kuliko kwa picha ya ubaoni. Kwa kunywesha shule nzima, hapana.

Wenzetu walioko Oman na Ghuba kwa jumla wameishi kwa maji ya bahari yaliyovukizwa viwandani, kwa gesi yao wenyewe, na mvuke uleule umetumiwa mara nyingi kabla ya kuachwa upoe. Hata wao sasa wanahamia kwenye njia isiyochemsha: kuyasukuma maji kwa nguvu kubwa kupitia utando unaozuia chumvi. Kuvukiza mita moja ya ujazo ya maji kwa moto wa kawaida hula joto linalolingana na uniti zaidi ya 600 za umeme. Utando hula tatu au nne tu kwa maji ya bahari, na pungufu ya hapo kwa maji ya kisima kama yetu. Kiunga, kule Lamu, kuna mtambo wa utando unaoendeshwa kwa jua tangu 2018. Kijiji cha tambarare chenye kisima cha chumvi, fedha na fundi wa kudumu kiufikirie huo. Nimesisitiza fundi kwa makusudi. Utando usiooshwa huziba, na mashine iliyoziba haimtofautishi aliyeitoa kwa msaada na aliyeinunua.

Mtambo mkubwa kuliko yote nimeuacha hadi sasa, na mnaweza kuuona mkigeuza shingo dirishani. Jua huvukiza Bahari ya Hindi. Chumvi hubaki baharini. Upepo huleta mvuke bara, hugonga milima ya Taita, hupanda, hupoa, huwa wingu juu ya Vuria na huanguka. Ndiyo maana kule juu mvua hupita milimita 1,200 na chemchemi zake ni tamu, na huku chini tunabishana kuhusu kisima. Maji ya mvua yamekwisha kutenganishwa na chumvi kabla hayajagusa bati lako, na hujalipa hata kijiti kimoja cha kuni.

Tufanye hesabu ya mwisho. Paa la mita za mraba 50, kwa mvua ya Voi ya milimita 600, hupokea lita 30,000 kwa mwaka. Toa moja ya tano kwa yale yanayorukia nje na kukaukia juu: lita 24,000. Familia yetu ya lita 25 kwa siku inahitaji kama 9,000 kwa mwaka. Hata mvua ikiwa nusu, paa halijashindwa. Kinachoshindwa ni pa kuweka. Kutoka Juni hadi Oktoba ni siku kama 150 za ukavu, yaani lita 3,750. Tangi la lita 5,000 linavuka. Mnaopakana na mbuga mlijenge imara, mnamjua ndovu mwenye kiu, haulizi tangi ni la nani.

Najua kuna watakaoinuka kuniuliza habari ya bomba la Mzima, ambalo tangu miaka ya 1950 limepeleka Mombasa maji kutoka ndani ya kaunti hii. Ulizeni, na muwaulize walio na madaraka kwa sauti kubwa kuliko mtakayotumia kwangu. Swali hilo ni la haki. Ila halimzuii mtu kufunga mfereji kwenye paa lake wakati jibu linangojwa.

Kwa hiyo mgawanyo wa kazi uwe hivi. Maji ya kisima cha chumvi yawe ya kufulia, ya kuoshea, na ya kunyweshea mifugo inayoyakubali. Maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia, na hayo ndiyo ya kuchemsha, kwa kuwa ndege hutua juu ya mabati na moto unaua vijidudu; kazi hiyo moto unaiweza. Mvua ya kwanza ya msimu iache imwagike chini, ioshe paa.

Kuna jambo moja zaidi, na wazazi nawaomba mlishike kuliko yote. Katika visima vya nchi yetu hupatikana pia floridi, isiyo na ladha wala harufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi kwa miaka, meno ya watoto hugeuka kahawia, na ikizidi sana mifupa huathirika. Kuchemsha hakuiondoi, huikoleza kama inavyokoleza chumvi. Ulimi hauwezi kuipima. Kikundi chochote chenye kisima kirefu ambacho hakijapimwa kijaze chupa safi, kiandike jina la mahali na tarehe, na kuipeleka maabara ya maji ya serikali kabla mtoto mwingine hajaanza kunywa hapo. Na wenye mabati bila mfereji wafunge mfereji kabla ya mvua za Novemba.